Quest 3 au 3S: ipi haionyeshi vinukta?

Bawa la Kushoto:
Wakuu, salama? Mwisho wa mwezi nanunua miwani ya VR, ile unayovaa ukajiona uko ndani ya gemu, hela ipo. Niliwahi kuvaa ya jamaa, zile za zamani, nikaona picha nzima ina vijumba vijumba kama nachungulia nje kupitia wavu wa mbu. Kero yangu ni hiyo tu. Nichukue Quest 3 au 3S za Meta, au PSVR2 ya PlayStation? Nielekezeni, msinitukane.

Waya Mwekundu:
"Za zamani" ndiyo zipi? Unatumia na kompyuta au yenyewe kama ilivyo? Unavaa miwani ya macho? Mnakuja kama mtu anayeingia famasi kuomba "ile dawa nyeupe".

Mzee wa Lenzi:
Quest 3, funga mjadala. 3S imebadilishwa ubongo, kamera na rimoti tu. Kwenye macho ni Quest 2 ile ile ya 2020: pikseli 1832 kwa 1920 kila jicho, na lenzi za Fresnel zenye mizunguko kama santuri. Quest 3 ni 2064 kwa 2208, lenzi za pancake, nyembamba na hazina mizunguko. Ukihesabu kwa nyuzi za pembe unayoiona, 3 inakupa pikseli kama 25 kwa nyuzi moja, 3S kama 20. Jicho zima la 6/6 linadai 60, kwa hiyo vinukta bado vipo. Ila kwenye 3 mpaka uvitafute.
Na pikseli siyo kila kitu. Fresnel inaonyesha vizuri katikati tu, ukipeleka jicho pembeni maandishi yanayeyuka, inabidi ugeuze shingo kama kuku. Kwenye pancake unageuza jicho tu.

Kaskazi:
Mie nipo Muscat, ninayo PSVR2. 2000 kwa 2040, skrini ya OLED ambayo kila pikseli inajizima yenyewe, kiza ni kiza kweli. Hizo LCD zenu usiku wake ni wa kijivu, kama mtu kasahau kuzima taa ya ukumbini.

Mzee wa Lenzi:
Na madoadoa je? Ingia kwenye ukungu na hiyo PSVR2, utaona kama unatazama kupitia kioo chenye vumbi. Lenzi zake nazo ni Fresnel.

Kaskazi:
Siku ya tatu ushayasahau.

Baba Wawili:
Ngoja niwape kisa kabla hamjaendelea na pikseli zenu. Nilikuwa na Quest 2. Jumamosi asubuhi nimecheza, nimeivua, nimeiweka kwenye kochi lenzi zikitazama dirishani. Mama watoto kafungua pazia adeki. Nimetoka kuoga nakuta jua limelala pale pale kochini, wala sikujali. Jioni navaa, naona kwenye jicho la kulia kitu cha njano kimejikunja kama unyoya. Nikafuta lenzi. Nikafuta tena. Nikaenda kunawa uso nikidhani ni tongotongo. Nikafumba jicho la kulia, unyoya ukapotea, nikalifumbua, huu hapa. Kumbe lenzi ilikusanya jua kama tulivyokuwa tunachoma karatasi shuleni kwa kioo cha kukuzia, ikaunguza skrini kwa ndani. Fundi akanitajia bei ya skrini, nikaona bora ninunue nyingine iliyotumika. Ile mbovu mpaka leo nikiivaa nikatazama angani kuna unyoya.
Ukinunua iliyotumika, fungua picha nyeupe tupu, kagua jicho moja moja.

Waya Mwekundu:
Pole. Mwenye uzi yuko wapi?

Bawa la Kushoto:
Samahani wakuu, nilikuwa saiti. Ya jamaa ilikuwa PSVR ya kwanza, ya 2016. Nataka nirushe ndege kwenye Microsoft Flight Simulator, nisome saa za kwenye kokpiti bila kuinama. Navaa miwani ya macho, -3.5, mbali sioni. Laptopu ni i5, RAM 8, ya ofisini.

Mzee wa Lenzi:
Yaani hiyo PSVR ndiyo iliyokuwa inasifiwa kwa kuficha wavu! Ilikuwa na 960 kwa 1080 tu, lakini kila pikseli ina vinukta vitatu vya rangi. Miwani ya Rift na Vive za mwaka ule zilikuwa na 1080 kwa 1200, vinukta viwili viwili, na wavu wake ulikuwa mzito zaidi.

Kaskazi:
Mzito wapi? Nimevaa zote mbili, PSVR ni ukungu mtupu.

Waya Mwekundu:
Jamani, laptopu ya ofisini! Hiyo hata ndege kwenye skrini ya kawaida inakohoa. Ili iende itabidi ushushe ubora, na ukishashusha, hata miwani ya pikseli bilioni utasoma supu. Pili, Quest kwenye kompyuta, iwe Wi-Fi iwe waya wa USB, inapokea video iliyobanwa. PSVR2 na adapta yake inapokea kwa DisplayPort, tundu la skrini la kompyuta, moja kwa moja bila kubanwa. Anza na kompyuta.

Kaskazi:
Ahsante! Nilisema mie.

Mzee wa Lenzi:
Pima umbali kati ya mboni zako pia. Lenzi za 3S zina hatua tatu tu, milimita 58, 63 na 68. Mimi ni 65 na nusu, naangukia katikati, hakuna hatua inayonikaa. Quest 3 unazungusha gurudumu mpaka itulie.

Bawa la Kushoto:
Napimaje, kwa rula? Na kompyuta ya kuiweza hiyo kazi ni kama shilingi ngapi kwa Kariakoo?

Mpiga Chabo:
Baba Wawili, ile yenye unyoya bado unayo? Mimi nina shida na rimoti ya kushoto tu.

Baba Wawili:
Ipo. Siuzi rimoti moja, chukua zote mbili. Njoo PM.