Ulinganisho: Vitz ya Lindi yenye oili nyeusi au ya Mtwara yenye utando mweupe kwenye kifuniko?

MwanaChikongola
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninatarajia kununua gari dogo kabla ya mwezi huu kwisha, na nimebakiwa na magari mawili, yote Vitz, na bei zake zimekaribiana. La kwanza liko Lindi mjini. Nilipochomoa dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa nyeusi kabisa na ikaacha doa zito kwenye kitambaa. La pili liko hapa Mtwara, Shangani. Oili yake kwenye dipstiki ni safi, lakini nilipofungua kifuniko cha kujazia oili nilikuta upande wa ndani umeshika utando mweupe unaoelekea manjano, laini kama siagi. Fundi niliyekwenda naye anasema gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji ya rejeta yasichanganyike na oili, imeungua na niliache mara moja, ilhali mwenye gari anasema ni mvuke tu. Je, ni lipi lenye ugonjwa mkubwa zaidi?

FundiMasasi
Ndugu, umetueleza rangi lakini hukutueleza magari. Yana injini gani, 1SZ, 2NZ au 1KR? Yametembea kilomita ngapi? Oili ilibadilishwa lini, na hilo la Shangani linatumikaje kwa siku? Maji ya rejeta yanapungua au hayapungui? Bila majibu hayo, kila atakayekushauri atakuwa anabahatisha.

Kwa sasa niseme hili: weusi peke yake si ugonjwa. Oili ya injini huchanganywa na dawa za kusafisha, na kazi yake mojawapo ni kubeba masizi ili yasigande ndani, kwa hiyo kuwa nyeusi ni dalili kwamba inafanya kazi yake. Oili ya kuogopa ni ile iliyokuwa nzito hadi inavutika, ile inayokwaruza ukiisugua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, au ile inayoonyesha chembe zinazometa ukiitazama juani, kwa sababu chembe hizo huenda ni za beringi za injini. Inuse pia. Ikinukia petroli, na kina chake kimepanda kupita alama ya juu, basi petroli isiyoungua inateremka kupitia kwenye ringi za pistoni, na chanzo chake mara nyingi ni plagi mbovu au injekta inayovuja.

BintiWaMikindani
Naomba nilitetee gari la Shangani. Utando ule unaweza kuwa mvuke kweli, hasa hapa pwani ambako hewa ina unyevu mwingi. Gari linalotoka nyumbani hadi sokoni na kurudi halipati nafasi ya kupasha oili vya kutosha, na mvuke unaotokana na kuungua kwa petroli hutua kwenye kifuniko, ambacho ni sehemu ya baridi, ukachanganyika na oili. Muombe mwenye gari mkifute kifuniko kikauke kabisa, kisha mliendeshe safari ndefu, mpaka Mingoyo na kurudi. Utando usiporudi, na dipstiki ikabaki safi, hakuna sababu ya kuihukumu gasketi. Dipstiki nayo ikiwa na rangi ya maziwa, hapo nitakubaliana na fundi wako.

DerevaWaNewala
Dada amesema vizuri, lakini mimi ninaogopa zaidi oili safi kwenye gari linalouzwa, na nitaeleza kwa nini.

Gari langu la kwanza nililinunua kwa mtu binafsi. Dipstiki ilikuwa inang'aa, injini ilinguruma vizuri, na muuzaji alinihakikishia kwamba alikuwa akilitunza. Nilipolipandisha Newala, mshale wa joto ulianza kusogea mahali ambapo magari mengine yalipita bila shida. Kesho yake asubuhi oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Fundi aliimwaga, akajaza kiasi kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa na kuiacha imesimama usiku kucha. Kulipokucha, chini ya chupa kulikuwa na tabaka la maji ya kijani, yaani kulanti, maji ya kupozea injini, na oili iko juu. Hedi ilifunguliwa ikakutwa imepinda, na kwa kuwa injini ilikuwa imezunguka na oili yenye maji kwa muda ambao hatuujui, beringi nazo zilikuwa zimeliwa. Baadaye ndipo niliposikia kwa jirani yake kwamba oili ilimwagwa siku ileile niliyokwenda kulitazama gari. Oili mpya haina historia ya kukusimulia. Oili nyeusi ya Lindi angalau inazungumza.

MzeeWaMnaziMmoja
Vijana, chukueni la Lindi, mlisukutue injini kwa dizeli, kisha mjaze 20W-50. Kwa joto letu la kusini, oili nyepesi haifai.

FundiMasasi
Mzee wangu, shikamoo. Kwenye dizeli naomba nitofautiane nawe kwa heshima zote. Dizeli haina unene wa kuzilinda beringi, haitoki yote unapomwaga, na uchafu inaoubandua kwa pupa unaweza kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Injini hizi zina VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa vali kufunguka, inayoendeshwa na presha ya oili kupitia njia nyembamba, na mnyororo wa taimingi nao hutegemea oili hiyohiyo. Ni salama zaidi kubadilisha oili na filta, kutembea kwa muda mfupi, kisha kubadilisha tena.

BintiWaMikindani
Na 20W-50 kwenye injini ndogo kama hizi ni nzito mno, mzee wangu. Kitabu cha gari kitamwongoza, na kwa injini hizi mara nyingi ni 5W-30.

MzeeWaMnaziMmoja
Marahaba, mwanangu. Injini iliyochoka hula oili nyepesi. Nimeendesha miaka mingi na hilo nimeliona.

MwanaChikongola
Nawashukuru nyote. Nimewauliza wenye magari. La Lindi ni 1KR, na oili haijabadilishwa tangu kabla ya msimu wa korosho. La Shangani ni 2NZ, linapeleka watoto shule na kwenda sokoni tu, na oili ilibadilishwa wiki iliyopita.

DerevaWaNewala
Wiki iliyopita! Utando umewahije kujitokeza kwenye oili ya wiki moja?

BintiWaMikindani
Anayebadilisha oili si lazima afute kifuniko. Huenda utando huo ni wa siku nyingi.

FundiMasasi
Wote mna hoja, na rejeta ndiyo itakayoamua. Nenda Shangani alfajiri, injini ikiwa ya baridi kabisa, kwa maana rejeta ya moto itakuunguza. Fungua mfuniko wake, tazama kama kuna oili inayoelea, kisha washa injini uone kama mapovu yanatoka mfululizo. Angalia pia moshi: mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata moto si wa kawaida. Tone la oili kwenye kijiko kilichopashwa moto litatatarika iwapo lina maji. Ukikuta oili imechanganyika na maji kwenye giaboksi ya otomatiki, hilo ni tatizo jingine la kipozeo kilichomo ndani ya rejeta.

DerevaWaNewala
Na la Lindi uliza lilikuwa wapi Mei 2024, wakati mafuriko yalipoikata barabara kule Somanga. Gari lililovuta maji kupitia chujio la hewa linahitaji kuchunguzwa kwa namna yake.

MwanaChikongola
Nitakwenda Shangani Jumamosi alfajiri. Je, pale Lindi kuna gereji yenye kipimo cha kompresheni, yaani cha kupima mgandamizo ndani ya silinda, au nikitafute huku Mtwara niende nacho?

MzeeWaMnaziMmoja
Nenda nacho. Na hiyo 5W-30 yenu mtakuja kuniambia.