Chama chetu kimempigia debe mgombea bila kutoa sababu. Nani aliamua?

Gurudumu: Wadau, chama chetu cha kutetea watu wenye ulemavu kimetangaza kumuunga mkono mgombea ubunge. Tamko lina mistari minne, limetoka Ijumaa saa nne usiku, na sababu yote ni maneno matano: "baada ya tafakuri ya kina". Huyu ndiye aliyepinga muswada wa rampu kwenye majengo ya umma. Nani alitafakari? Wagombea wengine walipelekewa dodoso? Majibu yako wapi?

Kaa la Moto: Usipotoshe. Hakupinga, siku ya kura hakuwepo bungeni.

Gurudumu: Kumbe hata kuja hakuja! Ahsante kwa kuniongezea hoja.

Mpole: Jamani, siasa ina hesabu zake. Akishinda tumeshapata mlango wa kuingilia. Ukianza kuanika majibu ya madodoso, mlango unafungwa.

Gurudumu: Mlango upi? Ofisi yake ina ngazi sita. Nimezihesabu nikiwa chini.

Mzee wa Kijiwe: Mnahangaika bure. Asasi hairuhusiwi kumpigia mtu debe. Marekani ni marufuku kabisa tangu enzi za Kennedy.

Sijasomea Sheria: Shikamoo mzee, hapo umeteleza. Ni 1954, Kennedy hata urais bado. Kifungu alikileta Johnson akiwa seneta, na kinazibana asasi za hisani zisizotozwa kodi, zile zinazoitwa 501(c)(3) kwenye sheria ya kodi ya huko. Ndiyo maana nyingi zina shirika pacha la kufanyia siasa. NARAL, watetezi wa haki ya kutoa mimba, Mei 2008 kwenye mchujo wa urais wa chama cha Democratic walimuunga mkono Obama wakamwacha Hillary Clinton, na wote wawili walikuwa upande wao. Matawi ya majimboni yalikuja juu.

Mzee wa Kijiwe: Marahaba. Basi enzi za Johnson. Hoja yangu iko palepale.

Kaa la Moto: Ukweli mchungu: wapiga kelele wengi humu ada hawajalipa tangu chama kianze. Debe tupu haliachi kuvika.

Mama Mapacha: Ati? Mimi nafundisha lugha ya alama Jumamosi tatu kila mwezi, bila hata nauli. Ada sijalipa na silipi. Ndiyo debe tupu hilo?

Kaa la Moto: Sikukutaja.

Mama Mapacha: Umerusha jiwe gizani, limenipata.

Mpole: Ila dada, kujitolea ni kujitolea na uanachama ni uanachama. Soma katiba, ibara ya saba.

Sijasomea Sheria: Ibara ya saba inahusu utunzaji wa mhuri.

Mpole: Basi ya nane.

Gurudumu: Mimi ada nimelipa kila mwaka, na bado sijui nani aliamua. Tunaweza kurudi kwenye dodoso?

Mzee wa Kijiwe: Subiri kidogo, mwanangu. Hili la ada ni zito, tusilipite hivihivi. Mwalimu wa kujitolea ana kura au hana?

Mama Mapacha: Aulizwe Kaa la Moto, ndiye mwenye chama.

Kaa la Moto: Kila anayechangia kuanzia sasa aweke risiti.

Mama Mapacha: Anza wewe.

Kaa la Moto: Yangu iko kwenye simu nyingine.