Salvia nyekundu fupi: majani yanageuka njano na kuungua kingo

bustani_ATX: Wakuu, salaam. Nina Salvia roemeriana, ua fupi la bustani lenye maua mekundu, hapa Austin, Texas. Iko kwenye tuta la mfinyanzi lenye samadi, jua la kutwa, maji kila siku. Majani ya chini ni ya njano, ya juu yameungua kingo. Kosa ni maji, jua au udongo?

Mzee wa Kitalu: Vyote, mkuu. Kwao ni Uwanda wa Edwards, hapo hapo Texas, hadi kaskazini mwa Meksiko. Porini huota kivulini, chini ya mitarakwa ya Ashe (Juniperus ashei, mtarakwa wa huko), kwenye miteremko ya mawe ya chokaa na kingo za makorongo. Udongo wa huko ni haba, umefunikwa na majani yaliyooza ya mtarakwa, na maji ya mvua hayatuami. Kwenye mfinyanzi ulioloa mizizi hukosa hewa, ikaoza. Jani likinyauka mtu hudhani ni kiu, akaongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Uhamishe Oktoba au Novemba, joto likipungua, mahali penye jua la asubuhi tu. Chimba sentimita 30, changanya udongo sehemu mbili na changarawe ya chokaa sehemu moja. Mboji konzi moja yatosha. Shingo ya shina ikae juu kidogo ya usawa wa ardhi. Samadi achana nayo: utapata majani mengi, maua ya kuhesabu.

Majani_Mapana: Kwanza hakikisha ni yenyewe. Roemeriana ina jani la mviringo lenye kingo za mawimbi na vinyweleo, urefu sentimita 30 hadi 60. Jani likiwa la pembetatu, lenye ncha, na mmea ni mrefu zaidi, hiyo ni Salvia coccinea, ile inayopandwa hata bustani za Kenya na Tanzania. Hiyo jua inalimudu.

bustani_ATX: Asante. Ni ya mviringo. Nina mtarakwa uani nilitaka kuukata, niuache?

Mzee wa Kitalu: Uache! Punguza matawi ya chini tu, mwanga upenye. Panda nje kidogo ya shina lake, na majani yake makavu usiyafagie. Ila yasirundikane kwenye shingo ya salvia. Mwagilia mara moja kwa wiki hadi ishike, kisha pale tu kidole kikizama kwenye udongo na kutoka kikavu. Maua huanza Machi. Mabua ya mwisho usiyakate kabla mbegu hazijadondoka, zitajiotea zenyewe.