Tuliozaliwa miaka ya 80 na 90, hii "sisi ni familia" ya maofisini mnaionaje?

Mchaga_wa_Mbagala
Wakuu habari za jioni. Nipo kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, idarani wengi wetu ni rika moja, wa 85 mpaka 95 hivi. HR kaleta dodoso tujaze tunauonaje utamaduni wa kampuni, eti halina jina, ila linki kila mtu katumiwa ya kwake, sasa nani mjinga ajaze ukweli pale.

Kazi yenyewe haina shida, mshahara hauchelewi, NSSF wanapeleka. Kinachochosha ni vitu visivyoandikwa popote. Saa kumi na moja ikifika hanyanyuki mtu kama bosi bado yupo, watu wanafungua Excel wanaitolea macho tu. Grupu la WhatsApp linalia mpaka saa nne usiku, ukikaa kimya asubuhi unaambiwa "naona jana uliwahi kulala". Ukiuliza ovataimu unajibiwa hapa sisi ni familia. Wazee wanasema tumedekezwa, madogo wa 2000 nao wanatuona waoga maana wao muda ukifika begi mgongoni kwaheri. Ni kwetu tu?

dada_mhasibu
Kote huko. Kwetu mpaka mchango wa harusi ya mtoto wa mkurugenzi una kima cha chini 😂

Wakili_Msomi
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi mbona: saa 45 kwa wiki, ovataimu mkubaliane, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne na ilipwe mara moja na nusu. Mtego ni kwamba anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hivyo vipengele havimhusu, ndo maana siku hizi kila mtu anapewa cheo cha meneja. Meneja wa nini, unasimamia printa? Kama huna watu chini yako cheo hicho hakikunyimi ovataimu.

Mzee_Kariakoo
Mimi nimeajiri, ngoja niseme. Mnaisema hiyo familia ila mkifiwa mnakuja kuomba gari, mafuta na rambirambi, na tunatoa. Hilo lipo kwenye sheria gani?

Mchaga_wa_Mbagala
Mzee shikamoo. Hapo umenigusa, msiba wa baba kampuni ilinipa gari mpaka kijijini na sijasahau. Ila ndo inavyokuwa, ukishapewa gari la msiba utaanzaje kudai ovataimu, unajiona huna fadhila. Bora nilipwe changu halafu gari nikodi mwenyewe.

Mzee_Kariakoo
Marahaba. Utakodi wewe.

njoro_254
Huku Kenya Seneta Cherargei alileta mswada 2022 bosi asikusumbue baada ya saa za kazi, waajiri wakaupinga. Hata ingepita, hapa Nairobi nani atakataa simu ya bosi na kazi zenyewe hakuna?

dada_mhasibu
Mleta mada, lile dodoso kaeni idara nzima mkubaliane sentensi moja, wote mwandike hiyohiyo neno kwa neno. Watamtafuta nani?

Mchaga_wa_Mbagala
Hii nimeikubali. Naanza kuwapitia mmoja mmoja, ila sio kwenye lile grupu.