Mwanangu anakwenda Muscatine, Iowa. Kuna anayeujua mji huu?

BiKombe_Bweleo:
Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Bweleo, Unguja, kazi yangu kombe, zile za baharini zenye gamba. Tunafuga chaza, gamba tunalisaga, tunatoa hereni na mikufu tunawauzia wageni. Kijana wangu wa tatu kapata nafasi kwenye chuo huko Muscatine, jimbo la Iowa, Marekani. Mwezi wa nane anaondoka, inshaallah.

Nikamwambia hebu nioneshe kwenye ramani. Akavuta, akavuta, bahari ikapotea yote, pande zote nchi kavu, katikati mstari wa buluu. "Ndo mto Mississippi huo, mama." Watu wake hawafiki 24,000. Marekani yote ile, mwanangu kaangukia kwenye mji ambao watu wake hawajazi hata uwanja wa mpira!

Babake anashughulika na ada. Mimi nauliza ya kwangu: watu wa huko wanasalimiana? Ijumaa atasali wapi? Koti la baridi nimtafutie Darajani kwenye mitumba, au napoteza pesa? Halafu kanisomea jambo kwenye simu nikadhani ananitania, eti mji huo uliishi kwa kombe. Kombe za mtoni! Mwenye kujua anieleze, na asinipambie.

MtuWaMwera:
Waalaykum salaam, shikamoo bimkubwa. Mimi niko Davenport mwaka wa tisa, na lori langu hupita Muscatine karibu kila wiki. Hakukutania.

Kulikuwa na Mjerumani akiitwa John Boepple, fundi wa vifungo tangu kwao. Mwaka 1891 akafungua karakana Muscatine, kwa sababu gamba la kombe za Mississippi ni nene na ndani linang'aa. Mwaka 1905 mji ule mdogo ulitoa vifungo bilioni 1.5, zaidi ya theluthi moja ya vifungo vya dunia nzima. Wanaume kwenye misumeno, wanawake na watoto majumbani wanashona vifungo kwenye kadi za kuuzia. Mwaka 1911 wafanyakazi wakagoma, pakachafuka kweli.

Uvuvi wenyewe utakuchekesha. Dau linaburura chuma chenye ndoana nyingi zisizo na chambo. Kombe kule chini kakaa kaachama, maji yanampitia. Ndoana ikimgusa anabana, na habanduki tena. Kajinasa mwenyewe! Anachemshwa afunguke, gamba linaroweshwa siku kadhaa, kisha linakatwa kwa msumeno wa mfano wa bomba, vinatoka vipande kama sarafu. Makumbusho yake yapo mjini. Mimi niliwahi kuoneshwa gamba la zamani, lina matundu manne ya mviringo, ungedhani limeliwa na panya mwenye bikari.

Leo watu wanafanya kazi kwenye viwanda vya samani za maofisi, na cha Heinz cha tomato. Kusini ya mji kuna mchanga unaotoa matikiti matamu, kijana atayawahi msimu wake. Kusalimiana wanasalimiana, hata usiyemjua anakupungia mkono kutoka ndani ya gari. Lakini hodi bila kupiga simu kwanza hakuna, hilo alizoee mapema. Na bila gari atateseka.

Sala: Disemba Magharibi inaingia kama saa kumi na nusu jioni, na Juni inapita saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo saa aliyoizoea huko aisahau. Cedar Rapids, mwendo wa saa na kitu, kuna msikiti wa mwaka 1934, kijumba kidogo tu, lakini ndio mkongwe Marekani kati ya iliyojengwa makusudi kuwa msikiti na bado imesimama. Kiswahili atakisikia pia, Wakongo ni wengi Iowa. Atawaelewa nusu.

Koti asinunue huko. La Darajani ni la mtu aliyekuwa akienda dukani tu. Januari usiku hufika digrii 10 chini ya sifuri na kuzidi.

Mwalimu_Mstaafu_Wete:
Niongeze la skuli, maana ndiyo kazi yangu. Mji huo alikaa Alexander Clark, kinyozi mweusi. Binti yake Susan alikataliwa skuli ya wazungu, baba akashtaki, na mwaka 1868 Mahakama Kuu ya Iowa ikamuunga mkono. Jimbo zima likafunguka, miaka 86 kabla Mahakama Kuu ya nchi, Washington, haijaamua hivyo kwa Marekani nzima. Mzee akaja kusomea sheria ukubwani, mwaka 1890 akateuliwa balozi Liberia, akafia huko mwaka uliofuata. Kazikwa Muscatine. Kijana akamzuru.

Pandu_Mkoani:
Na Xi Jinping, huyu rais wa China, alilala huko mwaka 1985, kwenye nyumba ya watu, alipokuwa kiongozi mdogo wa wilaya! Mwaka 2012 akarudi kuwaona. Bi Kombe, kijana asidharau mwenyeji yeyote. Ila suala langu: mto hauna bamvua, wanajuaje lini maji yatajaa?

MtuWaMwera:
Pandu, ukijaa haufuati mwezi. Theluji inayeyuka kaskazini, mvua inaongeza, unakaa wiki barabarani. 1993 ilikuwa balaa.

BiKombe_Bweleo:
Ahsanteni wanangu. Hiyo ya kurowesha gamba nimeielewa kuliko yote. Zamani tulisaga makavu, vumbi lake jeupe linakaa kwenye kope, usiku unakohoa mpaka majirani wanauliza. Sasa tunasaga na maji.

Lakini bilioni 1.5 kwa mwaka! Mto ulibakiwa na nini? Hapa kwetu ukiokota kombe kichanga wenzio wanakusema mpaka ukakirudishe.

MtuWaMwera:
Umegonga palepale, bimkubwa. Ziliisha. Serikali ikajenga kituo Fairport, jirani hapo, wakawa wanapandikiza vichanga vya kombe kwenye mashavu ya samaki, maana ndivyo vinavyokua, kisha wanawarudisha samaki mtoni. Boepple mwenyewe akaajiriwa huko. Mwaka 1912 akafa kwa kidonda cha mguu, alikanyaga gamba la kombe. Baadaye plastiki ikamaliza viwanda.

BiKombe_Bweleo:
Innalillahi. Gamba! Mguu wangu wa kulia una kovu la namna hiyo hiyo, nilikaa ndani mwezi mzima.

Basi koti nimeliacha. Nimemwambia mwanangu aniletee gamba moja lenye matundu, nilione kwa macho yangu. Ndege wanaruhusu?