Mawakala wa kodi, acheni kutuandikia sofa na suti kama gharama za kazi!

Wakuu, leo nina hasira na nitaimwaga hapa yote.

Mimi ni mhandisi wa majengo, nina kiofisi changu Ntinda, hapa Kampala, Uganda. Wateja wangu wengi ni kampuni, na kila wakinilipa wanakata kwanza asilimia 6 ya kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa mapema na kuhesabiwa baadaye kwenye kodi yangu ya mwaka. Mwaka wetu wa kodi unaisha tarehe 30 Juni, na ritani, yaani taarifa ya kipato na gharama za mwaka, mwisho wake ni 31 Desemba. Nikampa wakala mmoja risiti zangu zote aniandalie. Nilimwambia wazi kwamba zimechanganyika za nyumbani na za kazini, azichambue. Ndiyo kazi ninayomlipa.

Aliponiletea ritani niisome, nilitetemeka. Sofa ya sebuleni imeandikwa "fanicha ya ofisi". Televisheni ya watoto imekuwa "skrini ya kuonyeshea michoro". Suti niliyoshonesha kwa ajili ya kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ya mdogo wangu imeitwa "sare ya kazi". Karo ya binti yangu imewekwa chini ya "mafunzo". Namuuliza, bwana, hii ni nini? Anajibu eti risiti zote ni za EFRIS, ule mfumo wa serikali wa risiti za kielektroniki, kwa hiyo hakuna wa kunigusa, na nitarudishiwa ile asilimia 6 yote.

Uongo mtupu! Risiti ya EFRIS inathibitisha kwamba kitu kimenunuliwa dukani kweli. Haisemi kilinunuliwa kwa kazi gani. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu gharama iliyotumika kuzalisha kipato, na inakataza waziwazi matumizi ya binafsi na ya familia. Hata nauli ya kutoka nyumbani kwenda kazini haikubaliki. Nguo nazo haziruhusiwi, isipokuwa zile ambazo mtu hawezi kuzivaa nje ya kazi. Suti unaivaa kanisani, unaivaa arusini. Itakuwaje sare?

Na sasa sikieni kilichonichoma zaidi. Helmeti, viatu vyenye chuma mbele na koti la kung'aa ninavyovaa saiti, vitu ambavyo sheria yenyewe inavipokea, hakuviandika! Kompyuta ya kuchorea, ambayo thamani yake inapunguzwa kwa asilimia 40 kila mwaka, hakuiweka. Mafuta ya kwenda saiti Mukono na Wakiso hayamo, na daftari la safari nililitunza vizuri nikamkabidhi mkononi. Kodi ya pango la ofisi kaandika ya miezi michache tu. Yaani haki yangu kaitupa, akaniwekea wizi badala yake. Hakufungua hata bahasha ya pili, nina hakika.

Kuna waliokwisha kuniambia kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba ninajisumbua, kila mtu anafanya hivyo. Basi tupige hesabu. Kipato kinachozidi shilingi 4,920,000 kwa mwaka kinatozwa asilimia 30. Sofa ya milioni 3 ikipenya yote kama gharama, umepunguza kodi 900,000. Ikigundulika, unailipa hiyo 900,000, juu yake adhabu ya mara mbili ya kodi uliyoipunguza, yaani 1,800,000 nyingine, na riba ya asilimia 2 kila mwezi. Na ukiomba kurejeshewa pesa ndipo unapojiita mwenyewe kwenye ukaguzi, maana serikali hairudishi fedha kirahisi bila kuuliza. Siku hiyo wakala hayupo. TIN, namba ya mlipakodi, ni yako, ritani ni yako, barua inakuja kwako. Yeye alishakula ada yake.

Nilikataa ritani ile. Ameendelea kunidai ada kamili, tena kwa maneno makali, eti mimi ndiye nisiyeelewa mambo ya kodi. Sitalipa hata shilingi kwa kazi ya namna hiyo!

Sisemi gharama zote ni nyeupe au nyeusi. Simu yangu inapokea wateja na inapokea mama mkwe. Gari linakwenda saiti, Jumapili linakwenda kijijini. Hapo unagawa, sehemu ya kazi unaidai, ya nyumbani unaiacha, na unaweka maandishi ya jinsi ulivyogawa. Wakala mwenye akili angekaa nami nusu saa tukayamaliza. Huyu hakuuliza swali hata moja.

Ninachotaka kwenu ni hiki. Mawakala wanasajiliwa na kuna kamati inayowasimamia. Aliyewahi kupeleka malalamiko huko aniambie alianzia wapi na aliambatanisha nini, kwa sababu ritani ile ninayo na ujumbe wake wote ninao. Na mwenye kumjua wakala anayesoma risiti moja moja, maeneo ya Ntinda, Nakawa au Bweyogerere, aniandikie pembeni kabla ya Desemba kuisha.