Mafundi wa redio za bodaboda mtatuua! Fyuzi ya karatasi ya sigara, kweli?

Wakuu, salaam. Nina hasira, kwa hiyo wanaopenda nyuzi za adabu wapite tu.

Pikipiki yangu ya mkataba, hii ya Kichina ya cc 125, imeungua waya zote kuanzia kwenye betri hadi nyuma ya taa ya mbele. Haikugongwa wala haikuingia maji. Imeunguzwa na kiredio cha elfu thelathini na tano, au niseme ukweli, imeunguzwa na fundi aliyekifunga. Na huyo bwana bado yuko palepale Mbagala. Leo asubuhi nimempita anamfungia mwenzetu mwingine, katoa ulimi nje kama anafanya upasuaji.

Sikilizeni alichofanya. Redio ina waya mbili za umeme, nyekundu chanya na nyeusi hasi. Hapo hakuna ubishi. Lakini pikipiki nyingi za Kichina zimefuata rangi za Honda, na kwa Honda hasi ni kijani. Nyeusi ni ya moto, ile inayopata umeme ukishafungua ufunguo. Fundi wetu kaona nyeusi na nyeusi, kazikutanisha. Redio yenyewe ina bodi la chuma, na kaikaza kwa kibano kwenye usukani, ambao nao ni hasi kama chesisi nzima, yaani fremu ya chuma ya pikipiki. Alipozungusha ufunguo, umeme ukatoka kwenye betri, ukapita swichi, ukaingia kwenye redio na kushuka moja kwa moja kwenye chesisi. Fyuzi ikakata hapohapo, kama inavyotakiwa.

Akakuna kichwa, akahamishia ile nyeusi kwenye bolti ya chesisi. Sawa, hapo kapatia. Kisha akaniambia fyuzi imekufa, anaweka nyingine, niongeze elfu moja. Nikatoa. Redio ikaimba, nikaondoka zangu nasikiliza uchambuzi wa Simba na Yanga kama mfalme.

Jumamosi moja nimebeba mama mmoja na mwanawe, tunatoka Rangi Tatu kuelekea Chamazi. Nakata kona, redio ikazima. Nikadhani flashi imechomoka. Mara harufu ya plastiki, mara moshi unatoka chini ya tangi, katikati ya mapaja yangu. Yule mama alisharuka na mtoto kabla sijasimama vizuri, na simlaumu, maana juu ya ule moshi kulikuwa na petroli niliyotoka kuijaza. Nikang'oa kava la pembeni, nikavuta waya wa betri mpaka ukachomoka. Ngozi ya kidole gumba ilibaki pale. Nauli sikudai.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa umeme wa magari, ndiye aliyenionyesha. Chanya ya redio ilikuwa imedandiwa kwenye waya mkubwa mwekundu chini ya tangi. Ganda la waya lilivuliwa kwa meno, alama bado zipo, shaba ikasokotwa mara mbili na kuzungushiwa tepu. Joto la injini likaiyeyusha gundi, tepu ikaanza kujifungua. Kutoka hapo waya ukapitishwa kwenye shingo ya usukani bila mpira wa kuukinga, kwa hiyo kila ukikata kona unabanwa na kusagwa, mpaka shaba ikagusa chuma. Ikapiga shoti.

Sasa shoti ya namna hiyo, fyuzi ya ampea 15 ingekata kwa kufumba na kufumbua, nami ningepoteza fyuzi moja tu. Mzee akafungua kikopo cha fyuzi. Ndani kuna karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri, upande mmoja bado una rangi ya dhahabu. Ndiyo elfu moja yangu hiyo!

Jamani, fyuzi imetengenezwa iwe dhaifu kwa makusudi, ife yenyewe waya upone. Betri ya pikipiki inaonekana ndogo, lakini ikipigwa shoti inatema makumi ya ampea bila kuombwa. Ukiweka karatasi iliyokunjwa mikunjo minne, haikatiki. Kinachokatika ni waya, na waya hauungui peke yake. Unayeyusha ganda la jirani yake, huyo naye wa kwake, mpaka msuko mzima umekuwa donge moja jeusi. Nililiona kwa macho yangu, waya wa indiketa na wa honi huwezi kuwatenganisha.

Nikamrudia fundi. Majibu yake? "Bro, redio yako ni kubwa, wati 300, pikipiki imezidiwa." Wati 300 kweli zimeandikwa kwenye boksi. Haya, gawanya kwa volti 12, unapata ampea 25. Betri yangu ni ya ampea-saa 7, yaani ikitoa ampea 7 inaisha kwa saa moja hivi. Kwa mwendo huo ingekauka ndani ya dakika ishirini, wakati mimi nimepiga muziki kijiweni zaidi ya saa nzima injini imezimwa, na stata ikapiga. Zile wati ni za kuuzia boksi. Aliyeniuzia redio naye kanijibu kwamba kifaa kikishaunganishwa hakirudi. Ni kutupiana mpira tu, na hasara inabaki kwangu.

Msuko mpya wa waya, swichi ya ufunguo na ufundi vimekula laki moja na ushee. Bosi wa mkataba hesabu yake ni elfu kumi na mbili kila siku, ipakie isipakie. Yeye hajui habari za shoti.

Na kufunga redio vizuri si elimu ya chuo kikuu. Unatoa chanya kwenye betri yenyewe, unaweka fyuzi yake peke yake, ampea 5 inatosha, karibu kabisa na betri na siyo kule mbele. Hasi unarudisha kwenye betri. Kama hutaki redio inywe betri usiku, unaweka relei, ile swichi inayojiwasha kwa umeme, iamshwe na waya wa swichi ya ufunguo. Maungio unayachomelea kwa risasi, waya unaupitisha kwenye bomba la plastiki, na pale shingoni unauachia ulegevu ili usukani uzunguke. Juzi nimenunua kikopo na fyuzi yake Kariakoo, elfu mbili. Ni watu wa kuunguza pikipiki kwa ajili ya elfu mbili?

Najua watakuja wa "bodaboda ni ya kazi siyo disko". Kaeni na ukimya wenu. Abiria wangu wa jioni wananisubiri kwa sababu ya huo muziki.

Ninachotaka kujua: kuna mtu humu amewahi kumdai fundi wa aina hii akalipwa? Mwenyekiti wa mtaa kaniambia nipeleke ushahidi. Donge la waya ninalo kwenye mfuko wa rambo, karatasi ya sigara ninayo, na yule mzee yuko tayari kuja kueleza. Je, vinatosha, au niende moja kwa moja polisi?